Bustani ya Nyumbani: Mti wa Maua ya Rangi ya Waridi

Wengi hupenda kuwa na mti wa maua ya rangi ya waridi mbele ya nyumba, ili macho yafurahi na mgeni apate kivuli. Jambo hili ni jema. Lakini uzuri wa ua peke yake si sababu ya kuuchagua mti. Mwenye nyumba na atazame kwanza watoto wake, udongo wake, na upepo wa bahari.

Kwetu Mbegani na pwani ya Bagamoyo, mti ninaousifu kwanza ni mtofaa. Asili yake ni nchi za Malaya, nao umezoea pwani yetu na Unguja. Maua yake huchanua katika matawi makubwa na hata kwenye shina. Yaangukapo, nyuzi zake hutanda chini kama zulia. Baadaye huja matofaa, na hapo uzuri huwa chakula cha watoto. Mti huu hupenda maji, wala haustahimili kiangazi kirefu wala chumvi. Basi usiupande karibu na mikoko, bali nyuma ya nyumba, mahali penye kinga ya upepo. Mbegu yake haiwekeki: itoe katika tunda lililoiva, uipande upesi kivulini.

Wa pili ni gilirisidia, mti uliotoka Marekani ya Kati. Huchanua wakati wa kiangazi, majani yakiisha kupukutika. Hauhitaji mbegu, kata tawi lililokomaa, ulisimike ardhini, nalo litachipua. Hufaa kwa ua wa shamba, na majani yake huurutubisha udongo. Lakini mbegu na magamba yake yametumika kuulia panya. Kwa hiyo watoto wasiyatafune.

Mti wa tatu nautaja ili kuwaonya. Ni oleanda, wenye majani membamba na maua mazuri sana. Huvumilia jua, ukame na upepo wa chumvi, ndiyo maana watu huuchagua. Walakini kila sehemu yake ni sumu: jani, ua, shina na utomvu, nayo sumu hiyo hushika moyo. Vijiti vyake visichomewe nyama, kuni zake zisiwashwe jikoni, wala mbuzi asikatiwe majani yake. Nyumba yenye watoto wadogo haina haja nao. Aliye nao na aung'oe pamoja na mizizi, aufukie mbali. Asiuchome moto, maana hata moshi wake wadhuru.

Sasa juu ya kupanda. Subiri masika, yaani Machi hata Mei, mvua ikiisha kulowesha ardhi. Chimba shimo la mkono mmoja kila upande, uchanganye udongo na samadi iliyooza. Mtofaa uwe mbali na ukuta, yapata futi 25, kwa sababu hukua ukawa mti mkubwa. Zungushia mche miiba kwa ajili ya mbuzi, tandaza majani makavu chini yake pasipo kugusa shina, na wakati wa kiangazi umwagilie jioni.

Kazi hiyo ya kumwagilia mpeni mtoto mmoja wa nyumba, naye aambiwe kwamba mti ni wake. Hautasahauliwa.