Kobe Hajivui Gamba, Wachana na Rangi Yako

Wasee wangu wa Bahati, Nakuru mjini na kwingine mnakonisoma: kobe hajivui gamba. Hajawahi. Na hii stori ya "usijali, atalivua, litamea lingine" ndiyo inafanya watu wampake rangi, wamtoboe tundu pembeni na kumfunga kamba kama mbuzi, halafu waposti video wakicheka.

Neno lenyewe linatuchanganya. Gamba tumelipa kazi mbili. Nyoka akiacha ngozi yake kuukuu tunasema amejivua gamba. Hata CCM kule Tanzania walipotangaza kusafisha chama mwaka 2011 waliita kujivua gamba. Sawa, nyoka anaweza. Lakini alichobeba kobe si ngozi, na si koti. Ni mifupa. Mbavu na uti wake wa mgongo vimeungana na gamba, jumla mifupa kama 60 hivi. Zile katuni za kobe akitoka nje ya gamba akiwa uchi ni uongo mtupu. Wewe ungetokaje kwa mbavu zako?

Juu ya mfupa kuna vipande vigumu vya keratini, kitu kilekile cha kucha zako. Kobe akikua, mfupa unapanuka na kila kipande kinaongezewa keratini mpya pembezoni. Ndiyo ile mistari unayoiona. Na usinihesabie mistari eti ndiyo miaka yake. Inafuata chakula na ukame, na sisi mvua hutujia misimu miwili kwa mwaka.

Najua kuna mtu atasema, "Mbona nimeona kobe wa maji akibanduka?" Ni kweli. Wengi wa kobe wa maji baridi huambua tabaka jembamba la juu wanapokua. Tabaka tu. Mfupa haubanduki.

Bado unabisha? Twende Pwani. Kuna kasa anaitwa ng'amba, na magamba yake yameuzwa kutoka mwambao wetu kwa karne nyingi, yakatengenezwa vitana na mapambo. Kama angekuwa anayavua mwenyewe, si wafanyabiashara wangeyaokota tu mchangani? Waliwaua. Ndiyo maana mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara yake ya kimataifa, tangu 1977.

Kwa hivyo ukipata gamba tupu kichakani, hujaokota nguo ya mtu. Umeokota mifupa ya marehemu.

Na gamba la kobe aliye hai linahisi. Lina damu, lina mishipa ya fahamu. Ukilitoboa umetoboa mfupa ulio hai. Ukimpaka rangi nyekundu, umemfutia yale madoa yanayomficha kwenye nyasi kavu za Bonde la Ufa, na kila adui sasa anamwona. Haya yote kwa ajili ya like mia mbili?

Ukimkuta kobe barabarani, mvushe upande aliokuwa anaelekea, umwache. Ukimwona amefungwa kwa ploti ya mtu, waambie KWS. Wanasema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Hii haikumngoja: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali.

Rangi uliyonunua, paka geti la kwenu.