Motokari za Monaco: nani atashinda?

Siku ya yenga motokari za Formula 1 zitashindana Monaco, na mchezo wetu wa kukisia unaendelea.

Huko wanakimbia katika barabara za muji zenyewe: nyembamba, kona nyingi, ukuta karibu. Muzunguko mumoja ni metre 3 337, na wanazunguka mara 78. Muulize mutoto wa shule: ni kilometre ngapi? Afanye hesabu, jibu ni karibu 260.

Kupita mwenzako Monaco ni nguvu sana. Kwa hiyo siku ya posho, wanapotafuta nani ataanza mbele, ni ya maana. Charles Leclerc, mutoto wa Monaco, katika 2024, na Lando Norris katika 2025, wote walianza mbele na wakashinda. Lakini mvua inageuza mambo. Katika 1996 Olivier Panis wa Ufaransa alianza wa 14 na akashinda. Motokari 3 tu ndizo zilifika mwisho.

Basi karatasi zifike siku ya tano, mbele ya ile posho. Andika majina 3. Jina katika nafasi yake: alama 5. Jina sawa, nafasi nyingine: alama 2.

Wengine wanaomba tuweke feza. Hapana, wamama. Feza ya unga na sabuni isiingie humu. Mutoto akiona mama anacheza kwa feza, kesho atacheza kwa feza ya masomo. Mushindi tutamupigia makofi, na jina lake litatoka hapa.