Aksanti kwa misumari, lakini Artikle 48 iko wapi?

Ndugu vijana wa Goma,

Munawaonaka siku ya posho asubuhi. Watu wa kanisa, wababa kwa wamama na vijana wa koralé, wanashuka avenyu na nyundo, msumeno, mbao na manjanja kadhaa juu ya chukudu. Hawaende kujenga kanisa. Wanaenda kwa jirani, mama mujane mwenye analala na watoto wake chini ya bashi yenye kupasuka. Na mara nyingi mama huyo hata hasali kwao. Magaribi, nyumba iko na nguzo mpya, mlango unafunga, na mvua haiingie tena kwenye kitanda.

Sisi tunawaambia: aksanti sana. Hatuwaambie vile kwa kuwapakaa mafuta. Kuna wenzetu wenye wanasema: « Mukifanya kazi ya serikali, munaisaidia kulala. » Tunawajibu: mvua haingojee serikali iamuke. Mutoto mwenye anakohoa usiku kucha hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao. Mwenye kushika nyundo kwa ajili ya jirani amefanya siasa safi kuliko hotuba nyingi tulizozisikia.

Lakini tuseme ukweli wote, si nusu.

Sote tunajua nyumba za muji wetu. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 moto ulipita katikati ya muji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukala nyumba za ndugu zetu upande wa Nyiragongo. Kuchimba msingi kwenye jiwe lile ni kazi ya pesa, basi masikini anasimamisha mbao juu ya mawe, anafunika na manjanja ya zamani, anaweka mawe juu ili upepo usibebe. Moshi wa volkano nao unachanganyika na mvua, na maji yale yanakula manjanja mbio. Vita inaleta wakimbizi, kodi ya nyumba inapanda, na mwenye hana kitu anasukumwa pembeni zaidi. Kwa hiyo nyumba yenye kutengenezwa leo itaoza tena. Kanisa litarudi mara ngapi? Na kwa nyumba ngapi?

Kuna pia jambo lenye halisemwi. Mama mwingi wa namna ile hana parsele. Anapanga, bila karatasi yoyote. Watu wakimaliza kupiga misumari, mwenye parsele anapita, anaangalia, anaona nyumba imekuwa nzuri. Mwezi unaofuata anaongeza kodi, ao anamwambia mama atoke. Hapo kazi ya kanisa imegeuka zawadi kwa bayere, na mama amerudi chini ya bashi.

Ndiyo maana tunawaomba wenye kujitolea waongeze chombo kimoja pembeni ya nyundo: kalamu. Mbele ya kupiga msumari wa kwanza, mwenye parsele aandike kwamba mama atabakia pale kwa muda gani na kwa kodi gani, na chefu wa avenyu atie sinyatire kama shahidi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Ni wapangaji wangapi wa kartye zetu wanaijua? Tuisome kanisani, tuisome msikitini, tuisome kwenye terrain ya mupira.

Jambo la pili: msimupige mama picha amesimama mbele ya umasikini wake. Wanasiasa ndio wenye wanaleta manjanja kumi na kamera tatu wakati wa uchaguzi. Heshima ya mutu haiuzwe kwa manjanja.

Sasa tugeukie wenye madaraka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, Artikle 48, inahakikisha haki ya kuwa na nyumba inayofaa, maji safi ya kunywa na umeme. Tangu tukiwa wadogo, Artikle moja tu ndiyo tunayofundishwa: Artikle 15, jitafutie. Kila mara mwenye cheo anaposifu « roho nzuri ya wananchi », anaturudisha kwenye Artikle 15. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote wa inchi ni mali ya Leta. Basi mwenye udongo asituambie kwamba hana mahali pa kuweka masikini, wakati parsele zinaendelea kugawanywa kwa wakubwa.

Tunadai mambo mepesi. Kila kartye iandike orodha ya nyumba zenye ziko karibu kuanguka, bila kuangalia kabila wala kanisa, na orodha ibandikwe kwa ofisi ili kila mutu aisome. Taksi tunazolipa sokoni kila siku zitoe sehemu ya mbao na manjanja kwa nyumba hizo mbele ya kila musimu wa mvua. Na salongo isiishie kwa kufagia barabara ya wakubwa. Iingie pia ndani ya avenyu zetu.

Kwetu vijana: tusibakie kutazama na kuweka « like ». Siku ya posho ijayo, muulize kanisa ao musikiti wa karibu wanaenda kwa nani, mubebe mawe pamoja nao. Siku ya kazi inayofuata, mushike orodha ya nyumba zenu, muende nayo kwa ofisi ya kartye, muulize swali moja: Artikle 48 inaanza lini kwetu? Kama hawana jibu, murudi kesho yake, mukiwa wengi zaidi.