Mbele karieri imalize kumeza kila kitu, tuweke nyumba ya mukuba ku Mashamba

Dikuluwe na Mashamba, kwetu sisi, ni majina ya karieri tu. Mutu akituuliza tunatumika wapi tunajibu "ku Dima", na mazungumzo yanaishia pale, sababu kinachofuata ni mushahara, zamu ya usiku ao bei ya madini. Lakini mbele ya Sicomines, mbele ya Gécamines, mbele hata ya Union Minière, watu walikuwa tayari wanachimba mukuba pale Dikuluwe. Walichimba, wakayeyusha, wakapeleka mbali. Ni kibao gani njiani kinamwambia mutoto wa Mashamba habari hiyo? Ni darasa gani analipata, yeye ambaye baba yake na pengine babu yake wote wawili wamekula kwa mawe yale yale?

Habari yenyewe haikupotea. Mu miaka ya 1920 Monsinyori de Hemptinne, mukubwa wa misioni ya Wakatoliki huku Katanga, aliona wazee wa Bayeke wakirudilia ile kazi ya zamani pale Dikuluwe. Mwaka wa 1926 akaandika yote na akawaita wenye kazi ile "walaji wa mukuba". Jina ni zuri, na ni la kweli. Mukuba ulikuwa chakula: ulinunua chumvi, ulinunua jembe, ulioa bibi.

Tuangalie namna walivyotumika, sababu mwenye kutumika mu mini leo atajitambua mara moja. Kazi ilianza wakati wa kipwa, kisha mavuno ya mutama, wakati maji yamepunguka na mikono iko huru. Wanaume walishuka mu mashimo na vyuma vyao. Wanawake na watoto waliokota vipande vya malakiti, jiwe la kijani, wakachagua na kuosha. Wengine walikata miti na kuchoma makala, sababu bila makala hakuna mukuba. Tanuru walijenga kwa udongo wa kichuguu, na mivukuto ilikuwa ya ngozi ya nyama. Mwenye kuongoza moto alikuwa fundi mukubwa mwenye dawa zake na miiko yake, na siri ya kazi ilipita toka baba mupaka mwana. Mukuba ukisha kuyeyuka uliingizwa mu kalibu ya musalaba. Na mufalme alipata sehemu yake: redevance si maneno mapya mu inchi hii, bana! Lile jiwe leusi lenye kobalti, ambalo leo linaingia mu betri za telefone na za motokari dunia nzima, wao hawakulitafuta. Walitaka lile la kijani.

Ile misalaba ya mukuba, kruazeti, ndiyo ilitembea kuliko mutu yeyote wa huku. Mwaka wa 1957 na wa 1958 wataalamu walichimba makaburi ya zamani ku Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta watu waliozikwa na misalaba yao. Mu makaburi ya zamani zaidi ni michache na mikubwa, imewekwa juu ya kifua. Mu yale yaliyofuata ni midogo na mingi, sababu sasa ilikuwa imekuwa feza ya kuhesabu. Mingine ilikutwa mupaka ku Ingombe Ilede, kando ya muto Zambezi, inchi ya Zambia. Wakati wa Tshombe walichora mitatu juu ya drapo ya Katanga, na mwaka wa 1961 wakaiweka juu ya sarafu. Siasa ile iko na watu wa kuipenda na wa kuichukia, hatuingii humo. Tunasema tu kwamba alama yenyewe ilikuwa na mamia ya miaka mbele ya mwanasiasa yeyote.

Sasa vitu viko wapi? Muze ya Lubumbashi ilianza mwaka wa 1946, ni nzuri, lakini toka huku ni karibu kilomita 300, na tikiti ya basi ya mutoto mumoja ni chakula cha nyumba nzima. Muze ya taifa ya Kinshasa ilifunguliwa mwaka wa 2019. Kinshasa kwetu ni mbali kuliko Zambia. Vingi viko Tervuren, inchi ya Ubelgiji. Hata picha zimekwenda. Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji aliyeishi Likasi, alichora mu miaka ya 1970 historia yote ya inchi, picha karibu 100, na akaieleza kwa Swahili yetu hii ya Katanga. Picha zile ziko Amsterdam. Hatusemi ziliibwa: muchoraji aliziuza, alikuwa na familia ya kulisha. Lakini inauma kwamba mutoto wa Holandi anaweza kusimama mbele yake, na wetu hapana.

Tunajua jibu la wengine: "Njaa kwanza, muze kisha." Mama mwenye kutafuta unga asubui hatutamwambia habari ya kruazeti. Lakini tuangalie yanayopita mbele yetu. Karieri inapanuka, kijiji kinahamishwa, nyumba zinahesabiwa, miti ya maembe inahesabiwa na kulipwa. Kaburi la babu linalipwa namna gani? Na tanuru ya zamani ambayo hakuna aliyeiandika mahali? Kitu kisichoandikwa hakiingii mu hesabu. Mu 2014, ku Kasulo, watu walianza kuchimba mupaka chini ya vyumba vyao vya kulala, na udongo uliotoka ulikwenda na magunia. Aliyetazama kama kulikuwa kipande cha chungu ndani yake, sisi hatumujui.

Sheria lakini iko. Kode ya mini ya 2002 inasema kwamba sosiete ikikuta vitu vya kale wakati wa kazi haina ruhusa ya kuvihamisha, ni lazima ijulishe kwa maandishi wakubwa wa utamaduni na wa muze. Na tangu ilipotengenezwa upya mu 2018, kila sosiete yenye kuchimba inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Tunajua feza ile inaitwa na wengi: pompi ya maji, masomo, dispansere, barabara. Viende mbele, hatubishani. Sisi tunaomba sehemu ndogo sana, na tunaiomba sasa, sababu pompi inaweza kujengwa hata kisha miaka kumi, lakini mahali palipobebwa na bene ya makanika hapatarudi.

Na hatuombi jumba la vioo lenye riboni ya kukatwa, ambalo kisha miezi sita linageuka depo ya simenti. Vyumba viwili vya matofali na mulango mugumu vinatosha kuanza. Ku Lubumbashi, miaka ya 2000 ilipoanza, watu wa universite na wa muze walizunguka mu nyumba za wafanyakazi, wakaomba vitu vya kila siku vyenye ukumbusho, wakavionyesha kwa watu wote. Familia zilivitoa zenyewe. Kwetu pia viko: kofia ya mini ya papa aliyekwisha kupumzika, taa ya kazi ya chini ya udongo, karte ya posho ya wakati wa kambi, ile sahani ya mukuba yenye tembo wa kupigwa nyundo ambayo karibu kila salo ilikuwa nayo. Mafundi wa malakiti wangekuwa na meza yao ku mulango, wauze kazi yao kwa bei yao, bila mutu wa katikati.

Ufunguo tungependa ukae kwa watu watatu: mutu wa chefu, mwalimu mumoja, na mama mumoja wa kartie. Wote watatu wawepo ndipo sanduku lifunguliwe. Tumekwisha kuona vitu vya watu wote vikichungwa na mutu mumoja.

Wakati wazee wa kartie na wajumbe wa sosiete watakaa tena kuandika kaye de sharji, musitari huu uingie. Na kwa wakati huu, wewe uliye na kruazeti ya babu ndani ya sanduku, usiipeleke kwa wanaonunua vitu vya kale. Keti na muzee wa mwisho nyumbani kwako, muulize ilitoka wapi na nani aliishika mbele yake, andika ku kaye ya mutoto wa shule, jina na mahali na mwaka kama anaukumbuka.