Huyo Kijana Si Mvivu

Juzi nilitoka Kitale nikaenda Bungoma kumwona shangazi. Kijana wake ana skizofrenia. Anameza dawa, sauti alizokuwa anasikia zimepungua, na majirani washaacha kumkimbia. Sasa wamempa jina jipya: mvivu.

Hapo mimi nakataa. Skizofrenia si kusikia sauti tu. Inagusa kumbukumbu, umakini na ile nguvu ya kuanza jambo. Kwa wengi dawa hutuliza sauti, lakini hayo mengine huyasaidia kidogo sana. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na ndoo ya maji mbele yake asubuhi nzima. Si ati hataki kuoga. Hajui aanzie wapi.

Zamani shangazi alikuwa anamwambia, "Nenda dukani uniletee sukari, sabuni na kiberiti, halafu upeleke mahindi yasagwe." Kijana anarudi mikono mitupu, anagombezwa. Siku hizi shangazi anamwandikia kwa karatasi, vitu viwili tu. Sabuni, taulo na nguo safi anaziweka pamoja usiku. Dawa inakaa kando ya kikombe cha chai, na simu inalia saa moja asubuhi. Kazi ni moja kwa wakati. Ikiisha, ndiyo nyingine inatajwa. Leo kuku wa hapo nyumbani ni jukumu la huyo kijana, na hawalali njaa.

Kuna wenye watasema anadekezwa, mtu mzima anaandikiwa karatasi. Na wewe, si unaamshwa na simu kila siku?

Shida ni kwamba shangazi alijifunza haya peke yake, baada ya miaka ya kugombana. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, na inazipa kaunti wajibu wa kuhudumia watu hawa karibu na nyumbani. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na hao hupita nyumba kwa nyumba. Trans Nzoia na Bungoma, wafundisheni hao wahudumu kitu kimoja zaidi: jinsi ya kuketi na familia na kupanga siku ya mgonjwa. Karatasi na kalamu si bei.

Na wewe jirani, kabla ya kusema "mvivu," muulize: tuanze na gani?