Kabla hujamuuzia mwenye kobe mmea, mwambie umeulisha nini

Leo siongelei nyanya wala parachichi. Naongelea kobe, na nyie wenye vitalu vya maua msiiruke hii.

Mwaka jana kijana mmoja mwenye kitalu kule Tengeru alinipigia. "Shikamoo bwana shamba. Nina mteja wangu, mimea yake ya ndani inageuka njano. Nimwambie aweke nini?" Nilikuwa kwenye pikipiki nawahi kikao. Nikamjibu: NPK, kiganja kimoja, amwagilie vizuri. Nikakata simu.

Sikuuliza ndani ya nini. Kumbe ni ndani ya banda la kioo, mita 1.2 kwa sentimita 60, lenye pothos tatu na kobe mmoja. Yule mama ni mtu makini, hata kibali cha kumfuga alikuwa nacho (na wewe ukitaka kufuga kobe au kinyonga kumbuka hao ni wanyamapori, kibali kwanza). Akafanya nilivyosema. Punje zikabaki juu ya udongo, nyingine zikanasa kwenye majani yaliyolowa. Kobe akila jani anakula na kilichogandia hapo. Baada ya siku chache aligoma kula, na wiki iliyofuata akafa. Daktari wa mifugo hakuweza kusema kwa uhakika kwamba ni mbolea. Sawa. Ila mimi najua nilichoshauri.

Jioni moja nikakaa na mzani wa jikoni. Mfuko wa kilo 50 kwa ekari ni kama gramu 12 kwa kila mita moja ya mraba. Banda lile halifiki hata mita moja ya mraba, kwa hiyo kwa kipimo cha shambani lilistahili gramu 9 hivi. Kiganja changu kilitoa zaidi ya 40. Na shambani kuna mvua ya kusukuma ziada chini, kuna kina cha udongo. Kwenye kioo maji hayana pa kwenda. Mbolea ya viwandani ni chumvi, jamani. Maji yanakauka, chumvi inabaki, ukiongeza tena inajilimbikiza mpaka ncha za majani zinaungua. Mwenye banda akiona ncha zimeungua anadhani mmea una njaa, anaongeza nyingine.

Urea ndiyo kabisa msiitaje. Ina naitrojeni asilimia 46, na kwenye udongo wenye joto na unyevu inageuka amonia. Aliyewahi kuingia banda la kuku lenye maranda yaliyolowa anaijua ile harufu inayochoma macho. Sasa mfikirie mnyama aliyefungiwa humo, pua yake iko sentimita mbili kutoka kwenye udongo.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu: ndani ya banda la mnyama usiweke mbolea ya dukani. Si kidogo, si "robo kijiko". Mimea ya humo mara nyingi haina njaa hata kidogo. Inageuka njano kwa sababu mwanga hautoshi, au mizizi imekaa kwenye maji. Na mnyama mwenyewe anaacha kinyesi humo kila siku. Uliza mwanga na maji kwanza, ndiyo maswali niliyopaswa kuuliza mimi pale kwenye pikipiki.

Busta nayo hapana. Najua mnazipenda kwa sababu jani linang'aa siku ya tatu. Lakini kinyonga hanywi kwenye bakuli, analamba matone kwenye majani. Ukipuliza busta umemwekea kwenye maji ya kunywa.

Kuna wanaoniambia, "Basi tuweke samadi, ni ya asili." Asili si kinga. Samadi mbichi ya kuku inatoa amonia ileile na inaweza kuwa na vimelea vya salmonela, ambavyo kobe mwenyewe pia hubeba, kwa hiyo anayeshika banda anawe mikono kwa sabuni kila mara. Unga wa mifupa una harufu inayomvuta mnyama aonje. Kinachofaa ni mboji iliyoiva kabisa, isiyo na joto wala harufu, au mbolea ya minyoo. Kiasi kidogo kwenye shimo la mzizi, kisha funika kwa udongo na mawe makubwa ambayo kobe hawezi kuyameza.

Ila njia ninayoipenda zaidi ni ya vyungu viwili viwili. Mmea ukae kwenye chungu chake, chungu kiingizwe bandani. Ukichoka, unatoka nje, pacha wake anaingia. Huko nje ndiko unapolishwa: mbolea ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kwenye udongo tu. Kabla ya kurudi unamwagiliwa maji mengi mpaka yatoke chini, mara kadhaa, na majani yanaoshwa.

Hapo sasa nageukia nyie wafanyabiashara. Mteja atafanya yote hayo, lakini kama ulichomuuzia tayari kina sumu ndani, anajisumbua bure. Vitaluni tunatumia viuatilifu vinavyoingia ndani ya mmea, jamii ya imidacloprid, ili inzi weupe na vidukari wafe wakifyonza. Havioshwi kwa maji, na vinaweza kukaa ndani ya mmea kwa miezi. Tunachanganya na zile punje za mbolea inayoachia polepole, za mviringo kama mbegu. Halafu mteja akiuliza "huu mmea uko salama?" tunasema "uko salama mama", kwa sababu hakuna aliyetuuliza salama kwa nani.

Wengine watasema nawakuzia kazi, wateja wenye kobe ni wachache. Ni kweli ni wachache. Lakini mwenye paka anauliza swali hilohilo, mwenye mtoto anayetambaa pia. Mtu huyo yuko tayari kulipa zaidi kwa chungu ambacho muuzaji anajua historia yake yote.

Yule kijana wa Tengeru alinielewa kuliko nilivyotegemea. Ametenga meza moja: mboji tupu, hakuna kiuatilifu, vidukari anawatoa kwa maji na kitambaa. Kila chungu kina kibandiko cha tarehe na kilichowekwa. Amejazia Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau ambalo asili yake ni milima yetu ya Usambara, na kobe akiling'ata halimdhuru. Bei ni mara mbili ya meza nyingine.

Yule mama nilimpigia mwenyewe nikamwomba radhi. Hakusema mengi. Mwezi uliopita kijana ameniambia amerudi kununua vyungu vinne, vyote kutoka ile meza.