Eti yuko tayari kwenda Ulaya! Tayari kwa lipi?

Jumapili, saa nne na nusu usiku, hosteli.

Haya wadau, nimepotea wiki tatu, najua. Nilikuwa nyumbani Maruku kwenye mafunzo kwa vitendo, nikarudi na mafua, nikakuta asaimenti mbili zinanisubiri mlangoni kama wadai. Zote sijazigusa. Leo nimekaa kuandika kwa sababu nina hasira, na safari hii si hasira ya maharage ya kafteria.

Jana usiku chumbani kwetu ubishi ulianza saa tatu ukaisha saa saba. Tuko wanne kwenye karatasi, sita kwa ukweli (mnajua mambo ya kubebana), na wote sita ni makocha. Hoja ni ile ile ya siku zote: kijana wetu akionekana anajua, aondoke haraka kwenda Ulaya au asubiri? Wakaanza na Clement Mzize, wakakumbushana mabao yake mawili dhidi ya Madagascar kwenye CHAN, Agosti 2025, akiwa mchezaji wa Yanga. Mshikaji mmoja, Yanga wa damu, akasema yeye angempandisha ndege usiku ule ule na jezi yake ya jasho. Wa kitanda cha juu akasema hapana, hayuko tayari. Kwa nini hayuko tayari? Kwa sababu ni wa Yanga. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, jamani, na mtu huyo yuko mwaka wa tatu.

Mimi nilikaa kimya mpaka saa sita, kitu ambacho si kawaida yangu. Nilikuwa nimetoka kuongea na baba mdogo kwenye simu.

Kwa wasioijua Maruku: ni pale nje ya Bukoba mjini, kwenye kituo cha utafiti wa migomba. Na kwetu kila kitu ni mgomba. Kibanja si shamba tu kama mnavyodhani nyie watoto wa mjini. Ndani ya kibanja kuna nyumba, kuna kahawa chini ya migomba, kuna makaburi ya wazee. Mhaya akikwambia anauza kipande cha kibanja, uliza kwanza nani anaumwa. Sasa baba mdogo anataka kuuza kipande, na hakuna anayeumwa. Ana mtoto anayejua mpira.

Mtoto mwenyewe ana miaka 16, kidato cha tatu. Nisiseme uongo kwa sababu ya hasira: dogo anajua. Nilimwangalia kwenye mechi za mchujo za UMISSETA. Anacheza winga ya kulia kwa mguu wa kushoto, na uwanja wenyewe umeinama, mpira ukitoka unateremka mpaka kwenye kahawa za watu. Yeye anapandisha mlima kama anashuka. Beki wa shule ya jirani alikalishwa chini mara mbili, ya pili akacheka mwenyewe.

Basi bwana, kaja jamaa mmoja na fulana ya timu ya nje, anajiita skauti. Kasema mtoto yuko tayari. Tayari kwa Ulaya! Kinachotakiwa ni milioni mbili na nusu za pasipoti, viza, vipimo "na mambo mengine", halafu dogo aache shule mwezi ujao akaishi Dar kwenye kambi. Nikamuuliza baba mdogo, timu gani? Akasema ya Ulaya. Timu gani ya Ulaya, baba? Akajibu, "Mwanangu, si wewe ndiye msomi? Utaijua mbele ya safari."

Sasa hebu tuongee kama watu wazima. Neno "tayari" tunalitupa hovyo hovyo kama vile ni embe, unalibonyeza tu unajua limeiva. Kwanza kuna sheria. Kanuni za FIFA za uhamisho, kifungu cha 19, zinasema mchezaji hahami nchi moja kwenda nyingine mpaka atimize miaka 18. Kuna vighairi vichache: mzazi kahama kwa sababu zisizo za mpira, au wanaoishi karibu na mpaka, au wa kule kule Ulaya kati ya miaka 16 na 18. Mtoto wa Maruku anayetokea kwa baba mdogo haingii popote hapo. Kwa hiyo hata angekuwa na miguu ya dhahabu, mwaka huu hakuna klabu inayoweza kumsajili kihalali kutoka hapa. Huyo skauti ama hajui, na basi si skauti, ama anajua, na basi mnajua yeye ni nani.

Mtu akasema jana, "Umri unarekebishwa." Eti unarekebishwa! Tanzania ilifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, ikaondolewa kwa kuchezesha mtu aliyezidi umri. Nchi nzima ilinyang'anywa nafasi. Na kwa dogo ingebidi umri upandishwe, yaani tumzeeshe kwa makusudi. Klabu ya nje itamnunua vipi winga tuliyempunguzia miaka miwili ya kucheza sisi wenyewe?

Halafu angalieni pesa zinakotembea. Kwenye mpira wa kweli klabu iliyomlea mtoto ndiyo inayolipwa. FIFA wana fidia ya malezi, inahesabiwa tangu mwaka ambao mchezaji anatimiza 12 mpaka 21, na wana ile asilimia 5 ya mshikamano inayogawiwa klabu zilizomlea kila anapouzwa kwa ada. Mpira wa kweli unateremsha pesa kuja kijijini. Ukiona pesa zinapanda kutoka kwenye kibanja kwenda kwa jamaa mwenye fulana, huo ni mchezo mwingine kabisa. Na tangu Oktoba 2023 wakala anatakiwa awe na leseni ya FIFA, ambayo anaipata kwa kufanya mtihani. Nimemwambia baba mdogo amwombe hiyo leseni. Ameona haya. Kumwomba mgeni karatasi ni kama kumtukana, waitu, na hawa jamaa wanaijua vizuri hiyo heshima yetu.

Sheria tuiache. Tuseme dogo ana 18 leo. Je, yuko tayari?

Hapa kila mtu anamtaja Mbwana Samatta, na kila mtu anamtaja vibaya. Mnamkumbuka akiwa Aston Villa mnadhani alitoka Mbagala akashukia Uingereza. Samatta alizaliwa 1992. Mazembe walimchukua kutoka Simba mwaka 2011, akiwa na miaka 18. Wapi? Lubumbashi, Kongo! Si Ulaya. Akakaa huko zaidi ya miaka minne. Alikuwa anacheza, anafunga, anasafiri viwanja vigumu vya Afrika. Mwaka 2015 akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika na kufunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huo huo ndipo akaenda Genk, ana miaka 23. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, akapewa Kiatu cha Ebony. Novemba 2019 akafunga kwa kichwa pale Anfield. Villa wakamchukua Januari 2020, ana miaka 27, Machi mosi akawafunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Na hata yeye, na ngazi zote hizo, Ligi Kuu ya England ilimpa bao moja tu kabla hajaenda Fenerbahçe. Bao moja! Nyie mnataka mtoto wa kidato cha tatu aruke ngazi zote.

Weka pembeni yake waliokwenda moja kwa moja. Haruna Moshi Boban, fundi wa mpira kama tuliwahi kuwa na fundi, alikwenda Gefle ya Sweden mwaka 2010, hakukaa. Shomari Kapombe alikwenda Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, timu ya daraja la chini, 2014 akarudi Azam. Farid Mussa akaenda Tenerife mwaka 2016, akachezea zaidi kikosi B, mwisho akarudi nyumbani Yanga. Sisemi hawa hawakujua mpira. Kapombe amekuwa beki wa kulia wa uhakika kwa miaka mingi, nani anabisha? Ninachosema ni kwamba kipaji hakikuwa tatizo. Walifika mahali ambapo hapakuwa na nafasi inayowasubiri, na mchezaji asiyecheza anashuka, hata awe anafanya mazoezi kwenye nyasi nzuri kiasi gani.

Nimelijua hili kwa mwili wangu, tena mwezi uliopita. Maksi zangu za mbinu za kufundishia ni nzuri, mnaodesa kwangu mnajua. Siku ya kwanza nikasimama mbele ya kidato cha pili, watoto zaidi ya 80, na andalio la somo la dakika 40. Dakika ya 12 nimemaliza kila kitu. Nimebaki na chaki mkononi, natabasamu kama mjinga. Nilikuwa tayari? Wapi! Wiki ya tano ndiyo nikawa mwalimu, na sikusoma kitu kipya katikati, ila nilikuwa na vipindi kila siku. Wangeniweka ofisini nisubiri niwe tayari, ningekuwa nasubiri mpaka leo. Kwa hiyo nikisikia swali "yuko tayari?" mimi nauliza atacheza wapi, mara ngapi kwa wiki, na nani anakaa kwenye namba yake.

Na hapa nawageukia nyie wa upande wa pili, wa "bado bado, hajakomaa". Msicheke, nanyi mmo. Akomalie wapi? Benchi? Mfungaji bora wa ligi yetu msimu wa 2024/25 alikuwa Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, na sina ugomvi naye, anajua kazi. Lakini klabu zetu kubwa zikitafuta mshambuliaji zinaangalia nje kwanza, halafu mnamwambia kijana wa miaka 20 anayeingia dakika ya 85 kwamba asubiri akomae. Huyo kama ana timu ndogo ya Israel au Denmark inayompa dakika 90, aende, tena kesho. Novatus Miroshi alitoka Azam akaenda Israel, watu wakasema kapotea. Akatoka hapo akaenda Zulte Waregem ya Ubelgiji, 2023 akawa Shakhtar Donetsk, 2024 Göztepe ya Uturuki. Alipanda ngazi, na kila ngazi alikuwa anacheza.

Hata Kelvin John, yule mliyembatiza Mbappe akiwa na Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za 2019 hapa hapa nchini. Mnajua alikaa wapi akisubiri kufika 18? Shuleni! Chuo kimoja Uingereza chenye kituo cha mpira, Brooke House, anasoma na kucheza. Juni 2021 akatimiza 18, ndipo Genk wakamchukua. Na hata baada ya maandalizi hayo yote, kule Genk alicheza zaidi timu ya vijana, mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Mtu aliyeandaliwa hivyo imemchukua miaka. Dogo wetu anaandaliwa na nini? Kambi ya Dar isiyo na jina?

Haya yote nilimwambia baba mdogo, kwa sauti ya juu kidogo, Mungu anisamehe. Akanisikiliza. Halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na wewe uliyesoma, ajira iko wapi? Waliomaliza ualimu hapa kijijini wanaendesha bodaboda."

Hapo alinikamata, wadau. Sikuwa na jibu. Ni kweli, nawajua kwa majina, mmoja alinipeleka stendi siku narudi huku. Sitamdanganya kwamba cheti cha kidato cha nne kitamlisha mtu. Lakini cheti hakihitaji kuuza makaburi ya babu, na dogo akibaki shule atacheza mechi Jumamosi hii, na ijayo, na UMISSETA ya mwakani. Kambini nilipouliza wanacheza na nani, jibu lilikuwa wanafanya mazoezi wakisubiri viza.

Nilichopendekeza ni kidogo. Dogo amalize kidato cha nne. Kuna timu ya vijana Bukoba mjini inayocheza mechi za kweli, aende asajiliwe huko kwa cheti chake halisi cha kuzaliwa, ili aliyemlea ajulikane. Akifika 18, kama kuna klabu Kampala, au Kigali, au Lubumbashi yenyewe inamtaka acheze, nitamsindikiza mpaka mpakani Mutukula kwa boom langu. Dogo mwenyewe nilimpigia baadaye. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, Samatta alikaa Kongo miaka yote hiyo kweli?" Nikamwambia kweli. Akanyamaza kidogo, akasema atafikiria. Miaka 16, na ndiye pekee kwenye ukoo anayefikiria.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi saa tisa alasiri, na mnunuzi wa kibanja ameshakuja kupima kwa hatua. Nauli ya Bukoba sina, boom halijaingia. Baba mdogo amekubali kuweka simu kwenye spika katikati ya wazee, nami nitaongea mpaka salio liishe. Mwenye vocha ya ziada anitafute, chumba mnakijua.